Gitaa la umeme la kujitengenezea: soma dalili kabla hujawasha chuma cha kulehemia

Wengi wanaojenga gitaa la umeme wenyewe huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Mafinga, kazi ya mbao inawatoka vizuri. Shingo imenyooka, rangi inang'aa, nyuzi zimekaa. Halafu inafika siku ya kuchomeka kwenye ampu, na gitaa linakaa kimya au linavuma kuliko linavyoimba. Lawama ya kwanza huenda kwa pikapu, na mara nyingi inasingiziwa. Pikapu ni koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku, nayo ndiyo inayonasa mtetemo wa nyuzi. Haina kinachotembea wala kinacholika. Jeki, yaani tundu la gitaa la kuchomekea waya, ndiyo inayochomekwa na kuchomolewa kila siku, na viungo vya risasi ndivyo vilivyotengenezwa na mkono ambao bado unajifunza.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini tunaifuata kuanzia kwenye jeki kurudi nyuma hadi kwenye pikapu, na tunapima kabla ya kuyeyusha chochote. Anayeanza kwa kuunga upya viungo vyote anafuta ushahidi, kisha anabaki na makosa mawili badala ya moja.

Nazungumzia gitaa lisilo na betri: pikapu moja hadi tatu, swichi ya kuchagua, poti (vizuizi vya kuzungusha) za volyumu na toni, na jeki. Waya unaobeba sauti nitauita waya wa sauti, na ule mwingine ethi.

Kipimo kimoja cha kuanzia

Hata mita ya bei ndogo inatosha. Chomeka waya kwenye gitaa, upande wa pili usiuchomeke popote. Fungua volyumu na toni mpaka mwisho, weka mita kwenye omu, kiwango cha 20K. Ncha moja ya mita iguse ncha ya pini ya upande huo wa pili, nyingine iguse shina la pini hiyo.

Pikapu ya koili moja husoma kati ya kiloomu 5 na 8 hivi. Ya koili mbili huanzia 7 na nyingine hufika 16. Uliyoizungusha mwenyewe inaweza kusoma 3 au 12. Cha muhimu namba itulie. Ukiwasha pikapu mbili kwa pamoja namba hushuka, kwa hiyo mbili za 7 zitasoma karibu 3.5, na hilo si kosa.

Ikisoma 0, kuna shoti mahali fulani. Ikitokea "1" peke yake upande wa kushoto, yaani kipimo kimezidi kiwango, panda kiwango mpaka 2000K. Ukiona karibu 250 au 500, mita inaiona poti ya volyumu lakini haioni pikapu; mkatiko uko kati ya hivyo viwili, na swichi imo humo. Ikibaki "1" hata kwenye 2000K, mkatiko uko kati ya poti na ncha ya pini, yaani jeki au waya wenyewe.

Usipime volyumu ikiwa katikati ukaogopa. Hapo namba hupanda makumi ya kiloomu, wakati mwingine hupita 100. Ndivyo poti inavyofanya kazi.

Gitaa kimya kabisa

Jaribu waya mwingine, kwenye ampu unayojua inafanya kazi. Nalisema hili kwa sababu mazungumzo huwa ni yaleyale. "Shikamoo mzee, pikapu imekufa." "Marahaba mwanangu. Umejaribu waya mwingine?" Na kijana anaangalia chini.

Waya ukiwa mzima, fungua kibao cha jeki. Chomeka pini ukitazama: ule ulimi mrefu wa jeki unapaswa kukandamiza ncha ya pini. Ukiona mwanga kati yao, ukunje kidogo kwa kidole, usitumie koleo.

Kisha angalia aina ya jeki. Zile za maduka ya vipuri vya redio pale Mwanjelwa nyingi ni za stereo, zina miguu mitatu. Waya wa sauti ukilehemiwa kwenye mguu wa pete ya kati, pini ya gitaa inaunganisha pete hiyo na ethi mara tu unapochomeka. Mita itasoma 0. Hamishia waya kwenye mguu wa ulimi unaogusa ncha, na mguu wa kati uache wazi. Kuna nyingine zina miguu mitano, zilitengenezwa kuzima spika ya redio ukichomeka hedifoni. Humo ndani kuna mguso unaoachia pini inapoingia. Ukiwa umelehemia hapo, gitaa linaunganika pale tu usipolichomeka. Njia rahisi ni kununua jeki ya mono ya milimita 6.35 yenye miguu miwili.

Dalili ndogo inayosumbua watu kuliko zote: gitaa linalia likiwa limefunguliwa mezani, ukikaza kibao linanyamaza. Hiyo ni foili, ile karatasi ya chuma inayobandikwa ndani ya shimo la nyaya kukinga mvumo. Mguu wa jeki au wa swichi umezunguka ukagusa foili ya shimo, na foili ni ethi. Bandika tepu ya umeme mahali pale mguu unapoelekea, kisha kaza tena ukiwa umeshika jeki isizunguke.

Poti ya volyumu inafuata. Mguu mmoja wa pembeni unapokea waya kutoka kwenye swichi au pikapu, wa katikati unatoa kwenda kwenye jeki, na wa pembeni wa pili unakunjwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa poti, ambao ni ethi. Ukikunja mguu wa katikati badala ya wa pembeni, gitaa halitalia kamwe, zungusha utakavyo.

Mwisho ndiyo pikapu. Ikate kwenye sakiti na upime nyaya zake mbili peke yake. Ikisoma "1" hata kwenye 2000K, koili imekatika. Tazama kwa lenzi pale waya wa koili unapoungana na waya mnene. Mikatiko mingi hutokea hapo, na kama ncha iliyobaki inaonekana unaweza kuikwangua varnishi taratibu na kuiunga. Waya huo katika pikapu nyingi una unene wa milimita 0.063. Kama mkatiko uko ndani ya koili, acha. Usiifumue ukitafuta. Mpelekee mtu mwenye mashine ya kuzungushia, kwa mfano fundi wa mota mwenye mkono mwepesi, au nunua nyingine.

Sauti inakatika-katika

Tikisa waya karibu na jeki. Ikikatika, kaza nati ya jeki, lakini kwanza fungua kibao ushike jeki kwa ndani. Wengi hukaza kwa nje, jeki yote inazunguka, na nyaya zinajisokota mpaka zinakatika. Mbao nazo zinahusika. Paini za Sao Hill zikitumiwa kabla hazijakauka vizuri, mwili wa gitaa unasinyaa na nati uliyoikaza mwezi wa tatu inakuwa imelegea mwezi wa nane.

Jeki ikiwa imara, gonga mwili wa gitaa kwa ngumi laini huku ukibadilisha swichi. Ikikatika upande mmoja tu wa swichi, swichi ina uchafu au kiungo chake hakikushika. Kwa wanaoishi Tukuyu na Kyela, unyevu hufanya miguso ya swichi na jeki iwe myeusi au ya kijani. Puliza dawa ya kusafishia miguso ya umeme na uzungushe au ubonyeze mara nyingi. Usitie mafuta ya kula wala ya taa. Yanateleza vizuri wiki ya kwanza, kisha yanakusanya vumbi, na mafuta ya taa yanawaka.

Kisha viungo vya risasi. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaa kando ya waya. Kibovu ni kijivu, kina chembechembe, au kimekaa kama tone lililoanguka juu. Mahali pabaya zaidi ni mgongo wa poti, kwa sababu chuma chake kinakunywa joto. Ukwangue kwa msasa kwanza, utandaze risasi kidogo juu ya poti peke yake, utandaze nyingine kwenye waya, ndipo uviunganishe. Chuma cha kulehemia kisikae pale kupita sekunde tano hivi. Ukikizidisha unaunguza njia ya kaboni iliyo ndani ya poti.

Hapa hali ya hewa yetu ina neno. Ukifanya kazi hii barazani Njombe au Makete mwezi wa saba, upepo unapoza kiungo kabla risasi haijatandaa. Ingia ndani, funga mlango, acha dirisha moja la kutolea moshi. Na angalia umeme wenyewe: volti zikishuka jioni kutoka 230 hadi 180, chuma cha wati 30 kinafanya kazi kama cha wati 18 tu. Kinayeyusha risasi kwenye waya mwembamba, ukadhani kiko sawa, lakini kwenye mgongo wa poti hakiwezi. Kazi hiyo ifanywe asubuhi au kwa chuma cha wati 40 na kuendelea.

Risasi iwe ile ya redio yenye dawa katikati. Ile asidi ya mafundi bati inashika haraka na kupendeza, kisha inakula waya taratibu. Gitaa lililolehemiwa kwa asidi nalitambua kwa unga mweupe au wa kijani kwenye viungo, na hapo hakuna njia ya mkato. Viungo vyote vinaoshwa kwa spiriti na kufanywa upya.

Nyuzi zinakupiga umeme

Nimeiweka kabla ya mvumo kwa sababu majaribio ya mvumo yanakutaka uguse nyuzi. Ukihisi mtekenyo vidoleni, au midomo inapigwa ikigusa maikrofoni, acha. Usichomoe gitaa kwanza. Zima umeme ukutani, chomoa ampu, ndipo uweke gitaa chini.

Gitaa lisilo na betri haliwezi kutengeneza umeme wa kumpiga mtu. Linakuletea umeme wa ampu kupitia ethi iliyofika kwenye nyuzi. Chanzo cha kawaida ni ampu iliyotakiwa kuwa na pini tatu imechomekwa kwenye ekstensheni yenye nyaya mbili, au ethi ya jengo haipo kabisa ingawa soketi ina matundu matatu. Kingine ni maikrofoni na gitaa kupata umeme kutoka soketi mbili tofauti, moja ina ethi na nyingine haina. Kibaya zaidi ni ampu ya kuunda nyumbani ambayo haina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na sakiti ya sauti. Hiyo usiichomekee gitaa hata kwa dakika moja.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye bendi kwamba ukate waya wa ethi wa briji (kile kiegemeo cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa), mtekenyo utaisha. Mtekenyo wa nyuzi unaweza kuisha kweli, lakini ampu inabaki mbovu vilevile, na chuma cha jeki pamoja na kava la pikapu bado vinasubiri kidole chako. Ethi ya jengo na soketi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Ampu ni kazi ya fundi wa ampu. Usiifungue mwenyewe: kapasita zake zinabaki na umeme hata baada ya kuichomoa, na zile za ampu za valvu hubeba volti 300 na zaidi.

Gitaa linavuma

Ampu ikishakaguliwa na hakuna mtekenyo, fanya majaribio haya kwa mfuatano kabla hujanunua foili.

Funga volyumu ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko kwenye jeki, waya au ampu. Chomoa waya kwenye ampu. Ikiendelea kuvuma peke yake, gitaa lako halina kosa na ampu inahitaji fundi. Mvumo ukitoweka volyumu ikiwa sifuri, tatizo liko upande wa pikapu. Endelea.

Gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, ethi ya briji iko kazini na kilichobaki ni kinga ya foili. Ukiongezeka, waya wa sauti na wa ethi vimebadilishana, mara nyingi kwenye miguu ya jeki. Hili linawachanganya watu kwa sababu gitaa linalia kabisa, wanaona haliwezi kuwa limeungwa kinyume. Linalia, ndiyo, ila nyuzi zote na foili vimekuwa antena.

Usipobadilika unapogusa nyuzi, gusa chuma cha jeki. Kikinyamazisha, ujue waya wa kwenda kwenye briji haupo au haugusi. Thibitisha kwa mita: kutoka kwenye uzi hadi shina la jeki isome chini ya omu 2. Kwenye magitaa ya kujitengenezea waya huu hubanwa chini ya briji, na kama uso wa chini wa briji umepakwa rangi hauwezi kugusana na chochote. Kwangua rangi hapo. Wapo wanaochonga briji ya mbao au mfupa. Basi ethi ipelekwe kwenye chuma kinachoshikilia vichwa vya nyuzi, popote kilipo.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa miguu. Simama na gitaa, zunguka taratibu kama unayetafuta kibla. Mvumo ukipanda ukiwa umeelekea upande mmoja na kufifia upande mwingine, pikapu inanasa uwanja wa sumaku kutoka transfoma, mota au waya wa ukutani. Hapa umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake ni ule mnene wa chini. Foili haiwezi kuuzuia, hata uweke tabaka kumi. Pikapu ya koili moja ndivyo ilivyo. Sogea mbali na ampu, mbali na mashine ya kusaga kama iko jirani, au weka pikapu ya koili mbili, ambazo zimezungushwa ili mvumo wa moja uufute wa nyingine.

Mlio mkali wa nyuki, tofauti na mvumo mnene, mara nyingi unatoka kwenye chaja ya simu, taa za LED za bei ndogo au inveta ya sola. Zima kimoja kimoja usikilize. Makanisa mengi vijijini yanatumia sola, na kuna inveta zinazotoa umeme wa ngazi-ngazi usio laini. Ampu nyingi hulia nazo hata kama gitaa limeungwa vizuri.

Foili sasa. Ile ya jikoni inafanya kazi, ila ina tabia mbili. Haishiki risasi, kwa hiyo waya wa ethi uubane juu ya foili kwa skrubu na washa. Na gundi iliyo kati ya vipande viwili inavitenganisha kiumeme ingawa kwa macho vimebebana. Kunja ukingo wa kila kipande ili chuma kiguse chuma, kisha pima kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Isome karibu 0. Kipande kilichoachwa peke yake bila ethi hakikusaidii kitu. Foili ya shaba, ukiipata, inalehemika na kazi inakuwa fupi.

Pikapu mbili pamoja zinatoa sauti nyembamba

Kila moja peke yake ni nzuri, ukiwasha zote mbili besi inatoweka na sauti inatokea puani. Zimepingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Badilisha nyaya za pikapu moja tu, ya sauti iwe ethi na ya ethi iwe sauti.

Kabla ya kubadilisha, angalia kama pikapu ina kava la chuma au bamba la chini lililounganishwa na waya wake wa ethi. Ukibadilisha bila kulitenganisha, kava lote linakuwa waya wa sauti na mvumo unarudi kwa kishindo. Tenganisha kava, lipe ethi yake peke yake, ndipo ubadilishe.

Anayetaka uhakika kabla ya kulehemu atumie mita ya mshale kwenye kiwango chake kidogo kabisa cha volti au ampea za DC. Weka bisibisi juu ya nguzo za sumaku, ichomoe ghafla, tazama mshale unarukia upande gani. Fanya hivyo kwa pikapu ya pili ukiwa umeunganisha ncha za mita vilevile. Mishale ikirukia pande tofauti, zinapingana.

Za koili mbili zenye nyaya nne pamoja na ngao zina mtihani wake, maana kila kiwanda kina mpangilio wake wa rangi. Usifuate mchoro wa kiwanda kingine kwa kuwa tu rangi zinafanana.

Sauti hafifu, au nzito isiyo na ukali

Uliza poti zimetoka wapi. Nyingi zinazong'olewa kwenye redio na sabufa ni za kiloomu 10, 50 au 100, na pikapu ya gitaa inazimwa nazo kwa sababu zinaiachia sauti nyingi iingie ethi, hasa ile ya juu yenye ukali. Pikapu ya koili moja inataka 250K, ya koili mbili 500K. Namba imeandikwa mgongoni, kwa mfano A500K. Herufi A ni ile inayopanda kwa namna sikio linavyosikia. B inapanda sawasawa, na ukiitumia kwa volyumu utaona sauti haibadiliki sana kisha inaporomoka karibu na mwisho.

Baada ya poti, tazama nyuzi. Pikapu inahisi chuma kinachovutwa na sumaku. Nyuzi za nailoni hazitatoa chochote, na zile za gitaa la kawaida zilizozungushiwa shaba hutoa sauti hafifu kwenye nyuzi nene huku zile mbili nyembamba zikipiga kelele. Tumia za chuma au nikeli.

Halafu umbali. Pikapu iliyozama milimita 8 chini ya nyuzi italalamika tu. Ipandishe taratibu, ukibonyeza uzi kwenye freti ya mwisho ibaki nafasi ya milimita 2 au 3. Usiisogeze zaidi, sumaku itavuta uzi na noti zitaanza kuyumba.

Na wakati mwingine gitaa halina hatia. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye sabufa ya sebuleni au kwenye tundu la kawaida la mikseri ya kanisa, litatoka limepooza. Tundu hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kinanda au simu. Mikseri nyingine zina kitufe cha Hi-Z kwa ajili ya gitaa. Kama yako haina, tumia kisanduku cha DI, kile kinachofanya sauti ya gitaa ifae tundu la mikseri, au ampu ndogo ya gitaa katikati.

Volyumu na toni zinafanya vituko

Volyumu ikikwaruza, ni vumbi; dawa ya miguso, zungusha. Ikirudi kukwaruza baada ya siku chache, njia ya kaboni imelika, nunua nyingine. Ikifanya kazi kinyume, badilisha miguu miwili ya pembeni. Ukishusha volyumu na ukali wote ukapotea, lehemia kapasita ndogo iliyoandikwa 102 kati ya mguu wa kuingilia na wa katikati.

Toni isiyofanya kitu kwa kawaida ni kapasita ambayo upande wake mmoja haujafika ethi. Toni inayozima sauti yote ni habari nyingine. Huenda kapasita imepigwa shoti, lakini mara nyingi aliyeiweka alisoma "47" akaridhika, na ilikuwa maikrofaradi 47, ile ya mviringo kutoka kwenye redio, wakati gitaa linataka 0.047, ambayo imeandikwa 473. Tarakimu mbili za mwanzo ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri, jibu liko kwenye pikofaradi. Kwa hiyo 223 ni maikrofaradi 0.022, inafaa koili mbili. 473 inafaa koili moja. 104 ni 0.1 na hufanya toni iwe nzito sana ukiifunga.

Pikapu inapiga filimbi ukiongeza sauti

Zungumza karibu na pikapu. Ukisikia sauti yako kwenye ampu, koili haijabanwa na inatetemeka. Ni kawaida kwa zilizozungushwa kwa mkono. Dawa yake ni nta: mafuta ya mishumaa sehemu nne, nta ya nyuki sehemu moja, iyeyushwe ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya jiko, iwe mkaa au gesi, kwa sababu nta inawaka. Joto lisipite nyuzijoto 65 za Selsiasi, ukizidi plastiki ya koili inapinda. Zamisha pikapu mpaka mapovu yaishe kutoka, itoe, futa, iache ipoe kabisa kabla ya kugusa nyaya zake. Kama sumaku zimeshikiliwa na gundi usiyoijua, au pikapu ni ya zamani na ya thamani, usiizamishe.

Ukiamua kumpelekea fundi

Peleka na waya wako wa gitaa, usimwachie nyuzi zimetolewa, na andika kwenye karatasi namba ulizozipata kwenye kila nafasi ya swichi, volyumu ikiwa wazi. Piga picha ya shimo la nyaya kabla ya kulifunga. Kama umeshabadilisha kitu, mwambie ni kipi.